Kabla Hujapanda Meli, Acha Faili Nyumbani

Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama na mwanachama wetu ambaye ni mhasibu, na kuchapishwa hapa kwa ombi la kamati.

Itifaki naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana najua chakula kiko tayari na mnada wa mbuzi unatungoja.

Kamati imeniomba nizungumze kuhusu mirathi ya watu wanaofanya kazi za hatari mbali na nyumbani, hasa mabaharia na wale walio kwenye mitambo ya mafuta na gesi baharini. Najua neno lenyewe ni zito. Kwetu, mtu akianza kutaja kifo cha kijana aliye hai na afya yake, ataulizwa kama anamtakia mema. Basi niseme mapema: mirathi ninayoizungumzia leo si habari ya maiti. Ni habari ya mke, watoto na mama mzee wanaobaki. Na ni habari ya mfuko wetu wa karo, ambao ndio sababu ya kukusanyika hapa.

Wenzangu tunaokagua daftari za mfuko huu tunaona jambo linalojirudia. Katika majina ya watoto wanaoomba basari, hukosi watoto wa baharia aliyefariki. Ukiuliza kwa upole, unaambiwa marehemu alifanya kazi miaka mingi, alikuwa na akiba kwenye Sacco, alikatwa NSSF, alikuwa na kiwanja, na kampuni ya meli ilisema italipa. Yaani baba hakufa fukara. Pesa zipo, ila zimekwama, na sisi tunachangishana kulipa karo ambayo marehemu alikwisha kuilipa kwa jasho lake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo nataka tuzungumze kuhusu hilo daftari.

Kazi hizi zina nini cha tofauti?

Kutoka Gazi hadi Vanga, bahari ni shamba letu. Wazee wetu walikwenda kwa jahazi. Vijana wetu wanakwenda kwa kandarasi. Wengine wako kwenye meli za mizigo, wengine meli za watalii, wengine meli za uvuvi za maji makuu, na wengine kwenye vyombo vinavyohudumia mitambo ya mafuta na gesi. Mtu hufa njiani popote, hata akivuka barabara Likoni. Lakini kazi ya baharini ina hatari zake: kuingia kwenye tangi lisilo na hewa safi, kamba ya kufungia meli inayokatika na kuchapa, moto kwenye chumba cha injini, kuanguka kutoka juu, na maharamia. Mwaka 1988 mtambo wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini uliwaka moto na watu 167 wakafa. 30 kati yao miili yao haikupatikana kamwe. Mwaka 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, wakafa wafanyakazi 11, na hakuna hata mmoja ambaye mwili wake ulipatikana.

Kwa hiyo familia ya mtu wa baharini hukabiliwa na mambo manne kwa mpigo. Kwanza, amefia mbali, na karatasi zinatoka nchi nyingine. Pili, huenda hakuna mwili wa kuzika. Tatu, mwajiri ni wa nchi moja, bendera ya meli ni ya nchi nyingine, na wakala aliyemsajili yuko Mombasa ghorofa ya pili, kama bado yupo. Nne, mtu aliyekuwa akijua mambo yote ya pesa nyumbani ndiye huyo huyo aliyeondoka. Mengine ni ya Mwenyezi Mungu, lakini hili la nne tunaweza kulirekebisha wiki hii.

Milango mitatu, si mmoja

Kosa kubwa ninaloliona kwenye familia ni kudhani kwamba pesa zote za marehemu ziko mahali pamoja na zinadaiwa kwa njia moja. La. Ziko nyuma ya milango mitatu, na kila mlango una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni mali yake mwenyewe: kiwanja, nyumba, gari, mashua, ng'ombe, pesa za benki. Hii ndiyo mirathi hasa. Haiguswi mpaka mahakama itoe idhini kwa msimamizi. Benki ikipata habari ya kifo huifunga akaunti, na haifanyi hivyo kwa ukatili. Sheria ndiyo inayoiamuru.

Mlango wa pili ni pesa anazolipwa mtu au watu waliotajwa kwenye fomu: hisa na akiba za Sacco, bima ya maisha, mfuko wa pensheni. Sheria ya Vyama vya Ushirika inamruhusu mwanachama kutaja atakayepewa fungu lake. Na kwa mifuko ya uzeeni, Sheria ya Mafao ya Kustaafu inasema mafao ya kifo si sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mfuko huyalipa kwa kufuata kanuni zao, wakiangalia aliyetajwa. Mlango huu unaweza kufunguka haraka kuliko wa kwanza, ikiwa fomu imejazwa sawasawa. Lakini wangapi kati yetu tulijaza fomu hiyo tukiwa makapera, tukaandika jina la mama, na leo mama ni marehemu na sisi tuna mke na watoto watatu? Fomu haioni wala haikisii. Inasoma ulichoandika.

Ndugu zangu Waislamu watauliza: je, aliyetajwa achukue zote? Wanazuoni wengi humhesabu aliyetajwa kuwa ni mpokeaji wa amana, anayetakiwa kuzigawa pesa kwa warithi kwa mafungu yao. Muulizeni kadhi mapema, na mwambieni aliyetajwa akiwa anasikia, ili asije akadhani ni zawadi yake.

Mlango wa tatu ni fidia kutoka kwa mwajiri au mwenye meli. Hii marehemu hakuwa nayo mfukoni alipokuwa hai. Imezaliwa na kifo chake. Inadaiwa kwa mkataba wa kazi, na hapo ndipo wengi hupoteza haki, kwa sababu mkataba wenyewe hawajapata kuuona.

Mkataba wa kazi usilale melini peke yake

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa Kazi za Baharini mwaka 2006, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Chini ya mkataba huo, kila baharia lazima awe na mapatano ya kazi yaliyotiwa sahihi, naye apewe nakala yake halisi. Humo huandikwa jina la mwenye meli na anwani yake, cheo cha baharia, mshahara, na haki za afya na hifadhi ya jamii. Mwenye meli ana wajibu wa kulipa gharama za mazishi baharia akifa akiwa kazini, na wajibu wa kuvihifadhi vitu vyake vilivyobaki melini na kuvirudisha kwa jamaa zake.

Tangu Januari 2017 kuna jambo kubwa zaidi. Meli inayohusika na mkataba huo inatakiwa iwe na cheti cha dhamana ya fedha kinachothibitisha kwamba fidia ya kifo au ulemavu wa kudumu wa ajali ya kazini italipwa. Cheti hicho hubandikwa melini mahali ambapo mabaharia wanakiona, na kina jina la mtoa dhamana na namna ya kumfikia. Fidia iliyo kwenye mapatano yapaswa kulipwa yote na bila kucheleweshwa. Familia isishinikizwe kupokea pungufu. Na dai linaweza kupelekwa moja kwa moja na jamaa wa karibu, mwakilishi wao, au mtu aliyetajwa na baharia. Kijana, chukua simu yako, kipige picha cheti hicho na umtumie mkeo. Ni kazi ya dakika moja, na siku ikifika, mkeo hatakuwa na haja ya kubembeleza wakala anayezima simu.

Mapatano mengi ya vyama vya mabaharia huongeza kiasi fulani cha fidia kwa kila mtoto mdogo wa marehemu, kwa kawaida hadi watoto wanne. Mnaona basi thamani ya cheti cha kuzaliwa? Mtoto asiye na cheti chenye jina la baba anaweza kuwa mwana halali mbele ya kijiji kizima na asionekane mbele ya kampuni ya bima. Vivyo hivyo cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila, ya msikitini au ya kanisani, isajilini. Mashahidi wa harusi huzeeka, na wengine hufa kabla ya bwana harusi.

Mkataba huo huo unampa baharia haki ya kutuma nyumbani sehemu ya mshahara wake moja kwa moja kila mwezi. Itumieni. Na marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2020 yanasema baharia akitekwa na maharamia, mshahara wake na pesa anazotumia familia ziendelee kulipwa mpaka aachiliwe na kurudishwa kwao, au mpaka siku ya kifo chake kama atafia utumwani.

Wale mnaofanya kazi kwenye mitambo iliyosimama, msidhani mkataba wa meli unawafunika moja kwa moja. Someni kandarasi zenu mjue ni sheria ya nchi gani inayotumika na bima inamlipa nani. Na mlioajiriwa hapa nchini, kwenye tagi na feri, mnalindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kwa kifo huwapa wategemezi fidia ya mishahara ya miezi 96. Piga hesabu ya mshahara wako mara 96 uone kiasi ambacho familia inaweza kukikosa kwa sababu tu hakuna aliyejua pa kwenda.

Wosia: maneno machache, mashahidi wawili

Sasa turudi mlango wa kwanza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wosia. Hauhitaji muhuri mkubwa wala Kiingereza. Uandike, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi mbele yako. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu, kwa sababu fungu lake linaweza kubatilika. Mtaje msimamizi unayemwamini na mwingine wa akiba. Na mjue kwamba ukioa baada ya kuandika wosia, kwa kawaida ndoa hiyo inaufuta, isipokuwa kama uliuandika ukiwa umeitaja ndoa hiyo. Andika mpya.

Sheria hiyo inawakumbuka mabaharia kwa jina. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, kwa mtu wa kawaida, una nguvu ikiwa atafariki ndani ya miezi mitatu tangu aseme. Lakini kwa mwanajeshi au baharia wa meli za biashara aliye katika muda wa utumishi, wosia wa mdomo unasimama akifariki ndani ya utumishi huo huo, hata kama miezi mitatu imepita. Waliotunga sheria walijua kwamba baharini hakuna wakili. Hata hivyo, msiutegemee. Mashahidi wenu wawili watakuwa Mfilipino na Mhindi waliokwisha kushuka bandari tofauti. Atakayewatafuta ni nani, na kwa nauli ya nani?

Kwa Waislamu, mgawanyo wa mirathi unafuata sharia na mahakama ya kadhi ndiyo mahali pake. Mafungu yamekwisha kukatwa: mke hupata thumni mume akiacha watoto, na robo asipoacha, mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya wa kike. Wosia hauwezi kuzidi theluthi, wala haumwongezei mrithi juu ya fungu lake bila ridhaa ya wenzake. Wapo wanaosema, "Basi sina haja ya kuandika, Mungu ameshagawa." Ndugu yangu, Mungu amegawa mafungu, lakini hakukuandikia namba ya akaunti wala mahali ilipo hati ya shamba. Kadhi hawezi kugawa asichokijua. Tena kabla ya mafungu kuna mazishi, madeni na wosia. Deni lisiloandikwa humkalia marehemu shingoni, na amana ya watu isiyoandikwa huliwa na warithi wake wakidhani ni halali yao.

Kwa wasio Waislamu, asiyeacha wosia hugawiwa na sheria. Mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyobaki huitumia maisha yake yote huku ikiwangoja watoto. Penye wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mke huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi katika nyumba yake.

Nataja pia jambo ambalo wazee wa Kidigo hapa wanalijua kuliko mimi. Zamani mali ya mwanamume wa Kidigo ilipita kwa wapwa zake, watoto wa dada, kabla utaratibu wa Kiislamu haujashika nguvu. Masalia ya fikra hiyo bado yapo mtu akifa: mjomba anakuja na neno lake, mpwa na lake, na mjane anakaa pembeni na kanga yake. Silaumu mila, ilikuwa na mantiki katika siku zake. Lakini penye daftari lililo wazi, hata mila huzungumzwa kwa upole. Pasipo daftari, mwenye sauti kubwa ndiye mrithi.

Asipoonekana

Hili ndilo linalouma zaidi. Meli imezama, au mtu amedondoka usiku, na mwili haupo. Kwa sheria yetu ya ushahidi, mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangemsikia huchukuliwa kuwa amefariki. Miaka saba! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza atakuwa anabisha hodi ya sekondari.

Lakini miaka saba ni kwa mtu ambaye hakuna ajuaye lililompata. Penye ushahidi wa tukio lenyewe, mahakama inaweza kuombwa iupime na kuamua mapema. Ushahidi huo ni kitabu cha kumbukumbu cha meli, taarifa ya nahodha, ripoti ya uchunguzi ya nchi ya bendera, na maelezo ya wenzake waliokuwa zamu moja. Vitu hivi hupatikana kwa urahisi katika wiki za mwanzo, na kwa taabu sana baada ya mwaka, meli ikiisha kuuzwa na kubadilishwa jina. Kwa hiyo familia ikipata habari mbaya, kilio kiwepo, dua iwepo, na mtu mmoja apewe kazi ya kuandika. Aandike jina la meli, namba yake ya IMO, bendera, tarehe, mahali, na jina la kila mtu aliyepiga simu. Aombe kila kitu kwa maandishi. Na asitie sahihi karatasi yoyote ya "malipo ya mwisho" kabla haijasomwa na wakili.

Mambo mawili yanayotia watu matatani

La kwanza ni hati ya uwakili. Baharia wengi humwachia ndugu hati ya kumruhusu kuuza, kununua na kusaini kwa niaba yao. Ni jambo zuri mtu akiwa hai. Lakini hati hiyo hufa na aliyeitoa. Kaka anayeuza kiwanja kwa hati ya marehemu anauza kisicho chake, na mnunuzi ananunua kesi.

La pili ni kadi ya benki na namba ya siri. Mume amekufa, mke ana kadi, watoto wana njaa, anakwenda mashineni. Namwelewa kabisa. Lakini kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaita kugusa mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa, lenye faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na aliyechukua atadaiwa alichochukua. Mara nyingi anayeshtaki si serikali, ni shemeji. Dawa yake ni baharia kumfungulia mke akaunti yake mwenyewe, yenye pesa za kuendesha nyumba angalau miezi minane. Kwa nini minane? Kwa sababu maombi ya usimamizi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, na baada ya idhini kutolewa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya mgawanyo kuthibitishwa. Hiyo ni kama hakuna aliyepinga.

Na kama kuna familia hapa ambayo marehemu wake alifariki miaka mingi iliyopita, msikate tamaa. Kwa sheria ya mwaka 2011, pesa zilizokaa bila mwenyewe kwenye benki, bima na kampuni za hisa hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayojulikana kama UFAA. Hazijapotea. Warithi wenye karatasi wanaweza kuzidai.

Faili moja, kurasa chache

Sasa kazi. Kila baharia hapa, na kila mzazi wa baharia, anunue faili moja ya plastiki. Ndani aweke haya:

1. Nakala za kitambulisho, pasipoti, kitabu cha ubaharia, cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Nasema wote, pamoja na yule ambaye haongelewi sebuleni. Atajitokeza siku ya mazishi, na ni afadhali ajulikane kwa karatasi yako kuliko kwa vurugu.

2. Mapatano ya kazi ya safari hii, si ya miaka mitatu iliyopita. Jina la mwenye meli, la wakala aliyemsajili, la chama cha mabaharia kama yupo. Na picha ya kile cheti cha dhamana.

3. Ukurasa wa mali: benki gani na tawi gani, Sacco gani, NSSF, bima, hati za ardhi ziko wapi, kiwanja kipi kimelipiwa nusu. Msiandike namba za siri. Zinazotakiwa ni njia, si funguo.

4. Ukurasa wa madeni: unachodaiwa, unachodai, na amana za watu ulizonazo.

5. Nakala za fomu za Sacco, pensheni na bima, zenye majina ya sasa ya waliotajwa.

6. Wosia, au barua inayosema wosia uko kwa nani.

Faili iwe na nakala mbili: moja kwa mke au mzazi, nyingine kwa mtu wa nje ya nyumba mnayemwamini wote wawili. Na kila unaporudi likizo, kabla hujaanza kupaka nyumba rangi, kaa saa moja na uipitie.

Mama zetu na wake zetu, ulizeni. Kuuliza si kumtakia mume kifo. Mke anayejua jina la meli ya mumewe anamlinda mumewe hata akiwa hai, kwa maana mshahara usipolipwa, yeye ndiye atakayepiga kelele nchi kavu. Na nyinyi waume, msifiche mali kwa hofu ya kuombwa. Mliyemficha leo ndiye mtakayemtegemea awapiganie kesho.

Tunaloomba leo

Mheshimiwa Mwenyekiti, kamati imekubali kwamba sehemu ya mchango wa mwaka huu, pamoja na karo, itumike kwa siku za faili. Tutakwenda Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga, tukiwa na mashine ya kutoa nakala, wakili wa kujitolea, na afisa wa kidini kwa kila upande. Wahasibu tutakaa na familia moja moja, kwa siri, tuzipange karatasi. Hatutashika pesa ya mtu wala hatutatunza wosia wa mtu. Tutasaidia kuandika na kuelekeza, basi.

Nawasihi mlioko Nairobi, Mombasa, Dubai na Muscat mtoe kwa moyo, na mlipe ahadi za mwaka jana pia; orodha ninayo na sitaisoma leo. Basari moja humsomesha mtoto mmoja kwa muhula mmoja. Faili moja iliyopangwa vizuri inaweza kuwasomesha watoto wote wa nyumba moja mpaka wamalize, kwa pesa za baba yao wenyewe. Mfuko wetu ubaki kwa yatima ambaye kweli hakuachiwa kitu, kwa sababu huyo yupo, na anatungoja.

Vijana mnaoondoka mwezi ujao, nawaombea bahari shwari na mrudi salama. Lakini kabla ya kufunga begi, fungueni faili.